Uji wa moto, kopo la plastiki na ubongo wa mtoto

Juzi asubuhi nimepita soko la Majengo hapa Dodoma, nikamkuta mama mjamzito anamiminiwa uji wa ulezi wa moto kabisa kwenye kopo la plastiki lililokwaruzika mpaka limepauka, anakunywa huku anampa na mtoto wake mdogo. Mi kazi yangu ni kemia ya chakula, nilishindwa kupita kimya.

Iko hivi. Plastiki laini ya PVC inalainishwa na kemikali zinaitwa thaleti, na hizo hazijashikamana na plastiki yenyewe, zimechanganywa tu, kwa hiyo zikikutana na joto au mafuta zinatoka zinaingia kwenye chakula. Ile ngumu inayong'aa kama kioo, polikaboneti, inatengenezwa kwa bisfenoli A, nayo inatoka zaidi ukiweka kitu cha moto. Ulaya walishaipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea watoto tangu 2011.

Sasa ubongo unaingiaje hapo? Wote tunajua chumvi yenye madini joto, tunaambiwa ni kwa ajili ya rovu, ila kazi yake kubwa ni kutengeneza homoni ya tezi ya shingo, na homoni hiyo ndo inaongoza seli za ubongo wa mtoto zijipange wapi na ziungane vipi. Miezi 3 ya mwanzo mtoto tumboni hawezi kujitengenezea, anategemea ya mama tu, na kemikali hizi zinaweza kuvuruga homoni hiyo. Mwaka 2018 watafiti waliofuatilia akina mama wa Sweden na Marekani walikuta wale wenye thaleti fulani nyingi kwenye mkojo wakati wa ujauzito, watoto wao walichelewa zaidi kwenye lugha. Hiyo haimaanishi kikombe kimoja kitamharibu mtoto, jamani msiogope hivyo, ninachowaza mimi ni kile cha kila siku, asubuhi na jioni, mimba nzima.

Na kinachoniumiza zaidi ni wali. Tunaufunika na nailoni uive vizuri, mvuke na mafuta vinagonga nailoni halafu vinarudi kwenye sufuria! Bibi zetu walifunika kwa mfuniko wakaweka makaa juu, na wali uliiva.

Uzuri ni kwamba vitu hivi havikai mwilini muda mrefu, vingi vinatoka kwa mkojo ndani ya siku moja hivi. San Francisco mwaka 2011 familia 5 zilikula chakula freshi, kisichotoka kwenye makopo wala plastiki, siku 3 tu, bisfenoli A kwenye mkojo ikashuka zaidi ya nusu. Kwa hiyo maji baridi kwenye plastiki nzima sina ugomvi nayo sana, ila uji, chai, mchuzi na mafuta ya alizeti tafuta bati, glasi, udongo, hata kibuyu.

Yule mama nilimwomba muuzaji ambadilishie. Kikombe cha bati kilikuwepo, chini ya meza.