Zebaki haitoki kwa maziwa, wala kwa kuchemsha

Nahudumu kliniki ya wajawazito upande wa Busia, Uganda, karibu na machimbo ya dhahabu. Maswali haya nayasikia kila wiki.

Zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, inamfikiaje samaki?
Wachimbaji huichanganya na mchanga ili inase dhahabu. Maji ya kuoshea karai huteremka kinamasini, mtoni, hadi ziwani. Kwenye matope, bakteria huigeuza kuwa aina inayong'ang'ania mwilini. Vidudu vya majini huibeba, mukene (dagaa) hula vidudu, sangara hula samaki wadogo mwaka baada ya mwaka. Chakula humeng'enywa, zebaki hubaki. Samaki mkubwa anayekula wenzake anaweza kuwa nayo mara milioni kuliko maji anamoogelea.

Musawo (daktari), nikimchemsha samaki sana?
Haitoki. Imeshikamana na nyama yenyewe. Ndimu haiitoi, mafuta ya moto hayaitoi.

Na maziwa?
Hayaitoi! Alikuja mama mwenye mimba ya miezi saba, vidole vikimtetemeka hadi kadi ya kliniki ikamponyoka. Alikuwa akichoma dhahabu ya mumewe iliyonaswa na zebaki, kwenye sigiri ileile anayopikia. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. "Lakini nakunywa maziwa kila jioni," akaniambia. Maziwa hayo yalimchelewesha miezi mitatu. Kina mama, maziwa hayasafishi zebaki.

Mbona mimi sijisikii vibaya?
Minamata, Japani, ugonjwa ulipogunduliwa mwaka 1956, watu walikuwa wakila samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwanda. Baadhi ya kina mama walionekana wazima kabisa, wakajifungua watoto wenye ubongo ulioharibika. Kondo la nyuma haliizuii.

Tuache samaki?
La, mimba inahitaji samaki. Kula mukene na ngege (sato), punguza sangara mkubwa.

Nije lini?
Leo. Ukiona ganzi vidoleni au midomoni, kutetemeka, kuyumba, kukosa usingizi, usingoje. Ukiwa mjamzito na unashika zebaki, njoo hata kama huna dalili. Na uiseme wazi. Ukinyamaza tutahangaika na malaria. Hatukupeleki polisi. Ile ya kwenye samaki, mwili huchukua kama siku 50 hadi 70 kutoa nusu yake tu, tena ukiwa huongezi nyingine. Na sigiri hiyo isirudi jikoni.