mpicc si kompaila, na dhana nyingine zinazotuchosha kwenye klasta

Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti wanaoendesha programu zao kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja: watu wa hali ya hewa, wa kemia, wa jenetiki, pamoja na wanafunzi wao. Malalamiko ninayoletewa yana sura nyingi, ila mzizi wake ni mmoja. "Tunaomba mtuwekee mpicc mpya, hii ni ya polepole." "Kwenye laptopu yangu mpif90 ilikubali, kwenu imekataa, kwa hiyo yenu ni mbovu." "Nimebadilisha kompaila mara mbili, bado kosa ni lile lile," na ukichunguza unakuta kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, haikubadilishwa hata mara moja. Nimeyajibu haya kwa barua pepe, kwa simu na ubaoni, na sasa nayaandika. Nachukulia kwamba unajua maktaba ni nini, kuunganisha ni nini, na kwamba MPI ndiyo njia ya michakato mingi kutumiana ujumbe. mpicc na mpif90 ni amri tunazoziandika kujenga programu za MPI, ya kwanza kwa C na ya pili kwa Fortran.

Dhana: mpicc ni kompaila

Hapana. mpicc haisomi hata mstari mmoja wa msimbo wako. Ni kifungashio: inapokea ulichoandika kwenye terminali, inaongezea njia za faili za heda na za maktaba za MPI, kisha inaita kompaila halisi, iwe gcc, clang au icx, na kuiachia kazi yote. Konda hupanga abiria na kutaja vituo, lakini gari linaendeshwa na dereva. Anayetuomba mpicc mpya kwa sababu programu yake ni nzito anaomba konda mwingine ilhali shida iko kwenye injini.

Huhitaji kuniamini mimi. Kifungashio chenyewe kitakuambia. MPI ina matoleo ya watengenezaji tofauti, kama Open MPI, MPICH na Intel MPI. Kama yako ni Open MPI, andika:

mpicc --showme

Kwenye Ubuntu ya kawaida utaona kitu cha namna hii:

gcc -I/usr/lib/x86_64-linux-gnu/openmpi/include -I/usr/lib/x86_64-linux-gnu/openmpi/include/openmpi -L/usr/lib/x86_64-linux-gnu/openmpi/lib -lmpi

Hiyo ndiyo mpicc yote. Neno la kwanza ni jina la kompaila, yanayofuata ni njia mbili za heda, njia moja ya maktaba, na agizo la kuunganisha na libmpi. Kwa MPICH na zile zilizotokana nayo, amri ni mpicc -show. Kwenye MPICH, mpicc ni skripti ya kawaida tu. Ifungue kwa less uisome kwa macho yako. Kwenye Open MPI ni kiungo kinachoelekea kwenye programu ndogo iitwayo opal_wrapper, ambayo nayo husoma mipangilio yake kwenye faili la maandishi, mpicc-wrapper-data.txt.

Kinachowapoteza wengi ni amri ya mpicc --version. Wakiiandika wanapata jibu, kwa mfano "gcc ... 11.4.0", na wanaondoka wakisema mpicc yao ni toleo la 11.4. Namba hiyo ni ya gcc. Kifungashio kimelipitisha swali kama kilivyolipokea, na gcc ndiyo iliyojibu. Toleo la MPI ni habari nyingine kabisa, nalo utalipata kwa mpirun --version (mpirun ndiyo amri ya kuanzisha michakato ya programu).

Kuna mtu atasema haya ni mabishano ya majina, na kazi inaendelea vyovyote utakavyoiita. Ningekubali kama yasingekula wiki nzima za watu. Tazama jinsi yanavyouma.

Chukua Intel MPI. Mtafiti anapakia moduli za Intel (moduli ni mipangilio inayowasha programu fulani kwenye kikao chako), anaandika mpif90, na anaamini kwamba sasa anatumia kompaila ya Intel. Kwenye Intel MPI, mpicc huita gcc, na mpif90 huita gfortran, zote kompaila za GNU. Anayetaka kompaila za Intel anatakiwa kuandika mpiicx kwa C na mpiifx kwa Fortran. Zamani zilikuwa mpiicc na mpiifort, kabla Intel hawajaziacha icc na ifort. Herufi moja ya ziada, "i" ya pili, ndiyo inayoamua msimbo wako unakompailiwa na nani. Nimeona jedwali la ulinganisho wa kasi, "GNU dhidi ya Intel", ambalo safu zake zote mbili zilitoka gfortran. Mwandishi wake alikuwa tayari ameeleza kwa aya tatu kwa nini tofauti ni ndogo.

Kisha kuna WRF, modeli ya hali ya hewa ambayo idara zetu za hali ya hewa Afrika Mashariki huitumia na ambayo wanafunzi wengi huanza nayo kabla hawajajua kompaila ni nini. Ukiendesha configure, skripti yake ya kuandaa ujenzi, matoleo mengi yanakuandikia kwenye faili la configure.wrf mstari huu:

DM_FC = mpif90 -f90=$(SFC)

Hilo chaguo la -f90= ni lugha ya MPICH: linaiambia mpif90 itumie kompaila gani. Open MPI hailijui, na kwa kuwa kifungashio hupitisha mbele kila kisichokihusu, inalikabidhi kwa gfortran, nayo inalalamika:

gfortran: error: unrecognized command line option '-f90=gfortran'

Hapo mtu anaanza kusakinisha gfortran upya. Anashusha toleo, anapandisha toleo, anafuta, anarudisha. gfortran haina kosa lolote. Imepewa chaguo lisilokuwa lake. Dawa ni kufuta -f90=$(SFC) kwenye mstari ule, na -cc=$(SCC) kwenye mstari wa DM_CC, kisha kujenga upya. Ni kazi ya dakika moja kwa anayejua kwamba mpif90 na gfortran ni watu wawili tofauti. Asiyejua atahangaika nayo hadi Ijumaa.

Na hapa ndipo wajuzi kidogo wanapoharibu zaidi. Wamesoma mahali kwamba kifungashio kinaweza kuelekezwa kwenye kompaila nyingine kwa kigeu cha mazingira: OMPI_CC na OMPI_FC kwa Open MPI, MPICH_CC na MPICH_FC kwa MPICH. Ni kweli, na kwa C mara nyingi kazi inakwenda salama, kwa sababu kompaila za C kwenye Linux hufuata makubaliano yale yale ya jinsi fankisheni zinavyoitana. Kwa Fortran mambo ni mengine. Msimbo wako una "use mpi", na hilo linahitaji faili la mpi.mod, ambalo lilitengenezwa na kompaila iliyojenga MPI siku ile ya usakinishaji. Faili za .mod za gfortran hazisomeki kwa ifx, wala za ifx kwa gfortran. Hata gfortran kwa gfortran, ukiruka matoleo yaliyoachana sana, inakataa. Ni hivyo hivyo kwa netCDF, maktaba ya kusoma na kuandika data za kisayansi, ambapo utakutana na huu:

Fatal Error: Cannot read module file 'netcdf.mod' opened at (1), because it was created by a different version of GNU Fortran

Ujumbe uko wazi kabisa, na bado watu wanatuandikia kwamba netCDF haipo. Ipo. Imejengwa na kompaila tofauti na unayoitumia sasa. Uliza nf-config --fc, itakuambia netCDF ya Fortran ilijengwa na nani, kisha linganisha na neno la kwanza la mpif90 --showme. Yasipolingana, usiguse OMPI_FC. Tafuta MPI na netCDF zilizojengwa na kompaila moja, au zijenge mwenyewe kwa kompaila moja tangu mwanzo: kwanza MPI, kisha HDF5 (maktaba ambayo netCDF huitegemea), kisha netCDF ya C, kisha ya Fortran, ndipo modeli. Kwenye klasta iliyopangwa vizuri moduli zimekwisha kukupangia ngazi hiyo, na ndiyo maana tunawasihi msichanganye moduli za GNU na za Intel katika kikao kimoja.

Dhana: mpirun ni mpirun, yoyote itafaa

Hii ni ya pili kwa kunikera. Programu imejengwa kwa mpicc ya MPICH, inaendeshwa kwa mpirun ya Open MPI, na haitoi kosa lolote. Ingetoa kosa ingekuwa afadhali. Badala yake unaona hivi:

starting wrf task 0 of 1
starting wrf task 0 of 1
starting wrf task 0 of 1
starting wrf task 0 of 1

Ulitarajia michakato 4 iliyogawana kazi, 0 hadi 3. Umepata programu 4 zisizojuana, kila moja ikijiona iko peke yake duniani, kila moja ikifanya utabiri wote mzima na kuandika juu ya mafaili ya wenzake. Ukiona "0 of 1" ikijirudia, usitafute kosa kwenye namelist, faili la mipangilio ya modeli. Andika which mpicc na which mpirun. Zote mbili zinatakiwa kutoka kwenye saraka moja. Mara nyingi mhalifu ni conda, programu ya kusakinisha vifurushi: ukiwasha mazingira yake, inaiweka mpirun yake mbele ya ile ya moduli.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayeomba msaada: ambatisha matokeo ya which mpicc, which mpirun na mpicc --showme, pamoja na ujumbe wa kwanza wa kosa, siyo wa mwisho. Ujumbe wa mwisho karibu kila mara unasema tu kwamba make imeshindwa, na hilo tulishalijua.

Dhana: ukikompaili kwa mpicc, programu inakuwa sambamba

Programu isiyo na MPI_Init, fankisheni ya kuanzisha MPI, itakompailiwa na mpicc bila shida na itabaki ile ile. Ukiiendesha kwa mpirun -np 4 utafanya kazi ile ile mara nne. Usambamba unauandika wewe kwenye msimbo. Na kwa kuwa majina yanafanana: OpenMP, ile ya nyuzi ndani ya mchakato mmoja, si Open MPI, na mpicc haikuwekei -fopenmp. Ukiihitaji, iandike.

Dhana: kifungashio kinapunguza kasi ya programu

Kifungashio kinafanya kazi wakati wa kukompaili tu. Kikimaliza, hakimo ndani ya bainari, yaani faili la programu lililokamilika. Kama programu ni nzito, kwanza angalia kama uliandika -O2 au -O3, machaguo yanayoiambia kompaila iboreshe msimbo. Angalia tena matokeo ya --showme hapo juu: hakuna chaguo lolote la kuharakisha msimbo. Ukikaa kimya, gcc inatumia -O0, yaani inatafsiri bila kuboresha chochote, na kwa hesabu za vitanzi virefu tofauti hiyo inaweza kuwa mara kadhaa. Kati ya maombi ya "mpicc ya kasi zaidi" ninayoyapokea, mengi yanaishia hapa.

Dhana: fundi halisi hatumii kifungashio, anaandika -lmpi kwa mkono

Andika ukitaka, kisha Makefile yako itavunjika siku utakapohamia mashine nyingine. Orodha ya maktaba inatofautiana kati ya MPI na MPI, na kati ya toleo na toleo. Kazi ya kifungashio ni kukutua mzigo huo. Kama mradi ni wa CMake, zana ya kupanga ujenzi wa programu, tumia find_package(MPI) na uunganishe na MPI::MPI_C. CMake yenyewe huenda kukihoji kifungashio kuhusu njia zake. Kwa mashine za Cray, ambazo ni kompyuta kuu, vifungashio vina majina mafupi, cc, CC na ftn, na kompaila iliyo nyuma yao inabadilika kwa kubadilisha moduli, PrgEnv-gnu au PrgEnv-cray. Anayelazimisha gcc kwa jina kwenye mashine hizo anaachwa bila MPI na bila maktaba za hesabu, halafu anatulaumu sisi.

Tena hiyo gcc anayoilazimisha ni kiongozi tu wa msafara. Andika gcc -### na jina la faili lako: utaona ikiita cc1 kwa kutafsiri C, as kwa lugha ya mashine, na collect2 kwa kuunganisha. gfortran nayo huita f951.

Dhana: nvcc inakompaili kila kitu yenyewe

nvcc, kompaila ya CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kuandikia GPU programu), inagawa msimbo: sehemu ya GPU inaishughulikia kwa zana za NVIDIA, na sehemu ya prosesa ya kawaida inaipeleka kwa g++ iliyopo kwenye mashine. Ndiyo maana CUDA 11.8 inasimama na kusema gcc iliyo juu ya 11 haikubaliki. Ukitaka kuona inavyogawa, andika nvcc --dryrun. Tiba ni kuielekeza kwa -ccbin g++-11. Liko pia chaguo la -allow-unsupported-compiler, ambalo watu hulishika haraka kwa sababu linanyamazisha ujumbe. Kwa matokeo unayokusudia kuyachapisha, liache, kwa sababu NVIDIA hawakuipima jozi hiyo na hakuna atakayeweza kukuambia namba zako zimeharibika wapi.