Sita Kati ya Kumi Siyo Tusi

Jumamosi iliyopita kinyozi wangu pale Sakina alizima mashine nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Akaja mbele ya kiti, akakunja mikono. "Kaka, kabla hatujaendelea. Yule dogo amekukosea nini?"

Sikumuuliza dogo gani. Ni wiki ya tatu hii. Kwenye hiace ya Ngaramtoni naulizwa, sokoni Kilombero naulizwa, na juzi msibani Tengeru mzee mmoja alisubiri jeneza lishushwe ndipo akanivuta pembeni: mjukuu wake alikuwa amemtuma. Kosa langu ni kwamba nilihakiki redioni albamu ya mwimbaji mmoja wa Bongo Fleva, nyimbo 17, nikaipa sita kati ya kumi.

Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita nyuma ya mitambo, nikirekodi machalii wa Chuga, yaani Arusha, kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa trei za mayai. Wasanii wamepita, biti zimebadilika, ila ninayoambiwa baada ya kila uhakiki ni yale yale. Nayajibu hapa, maana mtu mwenye kichwa nusu hana uhuru wa kujibizana na aliyeshika mashine.

"Umempa sita, basi unamchukia"

Hili ndilo linalonimaliza. Mengine yote nayavumilia.

Tuanze na hesabu. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, NECTA wanatoa C kuanzia 45 hadi 64. Sitini ni C, tena C inayoichungulia B. Mwanao akileta C ya Hisabati unachinja kuku, unampigia shangazi yake aliyeko Rombo, unatuma matokeo kwenye makundi yote ya WhatsApp hadi la kikoba. Albamu ikipata sitini hiyo hiyo, mhakiki ana roho mbaya. Sijui ni lini kuimba kuligeuka kuwa somo ambalo C ni kufeli.

Kwangu mimi tano ni albamu usiyopoteza kitu ukiikosa. Sita ina nyimbo za kubeba, ila lazima uchague. Saba unaiacha icheze mwanzo mpaka mwisho huku unapika. Ikifika nane, nawapigia watu simu usiku. Tisa nimetoa mara mbili tu tangu nianze. Kwa hiyo niliposema sita nilikuwa nakutuma ukasikilize. Nilizitaja na nyimbo zenyewe, tano, kwa namba zake.

Sasa zile kumi na mbili zilizobaki. Nyimbo tisa kati ya 17 zina wageni, na kwenye nne mgeni anaimba kwa muda mrefu kuliko mwenyeji. Biti sita ni amapiano, ule mtindo wa Afrika Kusini, na logi dramu, besi yake inayogonga kama gogo, inaingia mahali pale pale, baada ya kiitikio cha kwanza, kwa mlio ule ule. Ukizicheza mfululizo utadhani simu imekwama. Ubeti wa tatu umekuwa kitu cha anasa, karibu kila wimbo unakatika dakika ya pili na nusu kabla kisa hakijafika popote: mpenzi ameondoka, hatujui kaenda wapi wala kwa nini, tayari wimbo mwingine umeanza. Na huyu ni kijana ambaye kwenye wimbo wa nne, gitaa moja na sauti yake basi, alinifanya niiache chai mpaka ikaota utando. Aliyeweza wimbo ule hakuwa na haja ya kujificha nyuma ya kolabo tisa. Msanii nisiyemtarajia kitu ningempa saba nikaenda kulala.

Halafu kuna miksi, na hapa mtanisamehe, ni ugonjwa wangu wa zamani. Prodyuza amebana masta, ile rekodi ya mwisho, mpaka wimbo hauna pumzi. Kila kitu kipo juu, ngoma, besi, kinanda, hata pale mwimbaji anaponong'ona. Nimewaambia vijana tangu enzi za trei za mayai kwamba ubishi huo wa makelele hauna mshindi, na siku hizi Spotify huushusha wimbo uliopitiliza hadi kwenye LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), uwe sawa na wenzake. Ule ukubwa wa sauti unaondolewa, ule mbano unabaki. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao mke wangu ameshaukariri: sikiliza albamu mpya kwa spika ndogo, kwa sauti ya chini kiasi cha kulisikia birika likichemka jikoni. Maneno ya mwimbaji yakizama, miksi ni mbovu. Zima na ule mchezo wa kuchanganya nyimbo ovyo, zifuate alivyozipanga mwenyewe. Spika za baa hazijawahi kumwambia mtu ukweli, kila kitu kinapendeza kwenye spika za baa ifikapo saa nne usiku.

Yote hayo niliyasema hewani, dakika kumi na moja. Kilichosambaa mjini ni neno moja.

Tatizo ninaliona hivi. Kwenye muziki wetu siku hizi zimebaki nafasi mbili, chawa na adui. Chawa mnamjua: yupo uwanja wa ndege msanii akitua, yupo chini ya kila picha na vialama vyake vya moto, na albamu kwake ni ya karne kabla haijatoka. Ambaye siyo chawa ametumwa na timu ya upande wa pili, au anatafuta kiki. Mtu aliyesikiliza akasema hapa pametimia, hapa pamepwaya, hajatengewa kiti. Kinyozi wangu alipoona nakataa uadui aliniuliza, tena kwa dhati kabisa: "Sasa kama humchukii, kwa nini usimpe kumi?"

Nitawapa mashabiki haki yao kidogo. Namba za wenzetu wa nje zimevimba, na sisi tunazisoma. Metacritic, ambao hukusanya hakiki na kutoa wastani, huipaka albamu kijani kuanzia 61. Sitini inaangukia kwenye njano, kama taa za barabarani pale mtu anapoanza kukanyaga breki. Shabiki aliyezoea rangi hizo akisikia sita anaona hatari.

Ila huko kwenyewe hata namba kubwa haikuokoi. Mwaka 2020 Pitchfork, tovuti ya Marekani ya kuhakiki muziki, waliipa albamu ya folklore ya Taylor Swift alama 8.0. Nane, jamani! Kukawa na mashabiki walioona imeshusha wastani wa Metacritic, wakamsaka mwandishi, wakasambaza anwani yake na namba yake ya simu. Na mwaka 2024 jarida la Paste, lilipohakiki albamu yake nyingine, The Tortured Poets Department, liliamua kutoweka kabisa jina la mwandishi, likaeleza kwamba aliyehakiki albamu yake ya Lover mwaka 2019 alipata vitisho.

Mimi jina sina pa kulificha, sauti yangu inajulikana toka Usa River mpaka Monduli. Wiki ya kwanza baada ya kipindi, namba nisiyoijua ilinitumia picha ya duka la mama yangu. Mlango, kibao, na mama mwenyewe anapima sukari. Hakuna neno lililoandikwa. Mama yangu mpaka leo anadhani amapiano ni aina ya viazi. Nilimfungia duka siku mbili, nikamdanganya kwamba kuna watu wanazunguka kukagua mizani. Kwa hiyo mkiniuliza nani ana chuki hapa, mimi niliyesema biti sita zinafanana naomba nisiwe wa kwanza kutajwa.

"Hujui kuimba, utahakikije?"

Kweli sijui kuimba, wanakwaya wenzangu wa zamani ni mashahidi. Lizzo naye, mwimbaji wa Marekani, Pitchfork walipoipa albamu yake 6.5 mwaka 2019, aliandika Twitter kwamba wanaohakiki albamu bila wao wenyewe kufanya muziki wanastahili kukosa kazi. Namheshimu, lakini hapana. Albamu hutengenezewa watu wasiojua kuimba, ndio wateja. Na kinyozi wangu, ambaye hajawahi kuvaa njumu, siku hiyo hiyo alimfukuza kazi kocha wa Yanga na kupanga kikosi kipya kabla hajamaliza kisogo changu. Nilimwachia, alikuwa na hoja nzuri kuhusu beki wa kushoto.

"Watazamaji milioni wamekujibu"

Wamejibu swali jingine. Kwenye Spotify, ukisikiliza sekunde 30 umeshahesabiwa. Aliyeondoka sekunde ya 31 na aliyerudia mpaka akalia wote ni moja. Na YouTube wenyewe, Septemba 2019, waliacha kuhesabu watazamaji wanaoletwa na matangazo ya kulipia pale wanapotangaza rekodi za saa 24 za kwanza. Wasingechukua hatua hiyo kama namba zile zilikuwa zinajieleza.

Mimi sibishi kwamba wimbo umependwa. Unapigwa kila bodaboda, nausikia hata nikiwa bafuni. Mimi naulizwa kama albamu imetengenezwa vizuri. Soda inapendwa kuliko mtori, na mtori ndio unaompa nguvu aliyejifungua.

"Umelipwa"

Anayetoa hela hanunui sita. Ananunua tisa na picha ya pamoja. Pesa yangu mimi inatoka kwenye kukodisha spika za sendofu na kipaimara, na Desemba hii karibu zote zinapanda Marangu na Machame. Anayetaka kunihonga aanze kwa kulipia dizeli ya jenereta.

"Wa nyumbani humsemi vibaya"

Hili huja nikihakiki wasanii wetu wa huku, na huwa linasemwa na watu wazima, kwa sauti ya usuluhishi. Nilikulia Kaloleni. Nimewasikia X Plastaz, kundi la hapa hapa, wakiunganisha rap na uimbaji wa Kimaasai, mpaka albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka mwaka 2004, na nimewaona wakubwa wa kundi la rap la Weusi kabla hawajaitwa Weusi. Kijiweni kwetu mstari ukipwaya uliambiwa hapo hapo, mbele ya watu, na aliyekuambia ndiye aliyekuazima nauli ya kwenda studio. Ulirudi nyumbani umenuna, kesho ukaja na mstari mwingine. Chuga ilijulikana nchi nzima kwa mistari, na mistari ile ilipita kwenye midomo ya watu wasio na huruma. Leo dogo anatoa wimbo, anaitwa mfalme jioni hiyo hiyo, na wa kumwambia kwamba ubeti wa pili ni wa kwanza uliogeuzwa hayupo.

"Utakuja kuomba radhi"

Inawezekana. Masikio hubadilika. Mwaka 2021 Pitchfork walirudi kwenye albamu 19 walizowahi kuhakiki wakasema alama za sasa zingekuwa tofauti. Born to Die ya Lana Del Rey, iliyokuwa na 5.5, ikapewa 7.8. Mashabiki wananikumbusha zile zilizopanda. Zipo pia zilizoshuka, hizo hawazikumbuki.

Tangu siku ya kinyozi nimeisikiliza tena albamu yote mara mbili, kwa spika ndogo, birika likiwa jikoni. Biti sita bado ni biti moja. Ila wimbo wa 14 niliuonea. Nilisema ni mrefu, na kweli ni mrefu, lakini zile sekunde arobaini za mwisho anapoacha maneno na kubaki anaguna na gitaa nilizikatiza kwa sababu muda wa kipindi ulikuwa unaisha. Jumamosi nitazicheza zote hewani. Alama inabaki sita.