Yai la plastiki linalompeleleza mama

Kazi yangu ni inkubeta, hizi za kutotolesha vifaranga, naziwekea sensa na mota ya kugeuzia mayai, na kila nikisema roboti zinasaidia kulea wanyama wanaokaribia kuisha watu wanawaza mdoli wa chuma anamnyonyesha kifaru. Jamani hapana. Roboti nayoipenda mimi haitembei, haina mikono, ni yai tu.

Iko hivi. La kuku tunalijua, nyuzi 37.5, unageuza mara kadhaa kwa siku, siku ya 21 vifaranga hao. Sasa niletee la tumbusi. Jike anataga moja tu kwa mwaka, analiatamia zaidi ya siku 50, likiharibika mara nyingi ndo basi mpaka mwakani. Na kule India waliisha vibaya, kuanzia miaka ya 90 walikuwa wanakula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa na diclofenac, dawa ya maumivu tu hii, kumbe inaua figo zao, aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, marufuku kwa mifugo ikaja 2006. Baadhi ya waliobaki wanazalishwa kwenye mabanda, hapo yai moja huchezi nalo.

Sasa utaisetije mashine wakati hujui mama anafanya nini pale chini ya tumbo? Wale wa International Centre for Birds of Prey, Uingereza, wakatumia yai bandia, ganda la printa ya 3D, ndani sensa za joto, unyevu na ile ya mzunguko kama iliyopo kwenye simu yako inayojua umeilaza au umeisimamisha, tumbusi akalikalia na data inatoka bila waya, mwenyewe hana habari. Unajua anageuza saa ngapi, kiasi gani, na upande unaogusa ngozi una joto tofauti na ulio kwenye vijiti. Inkubeta ya feni inapuliza joto sawa pande zote, kiota hakiko hivyo hata kidogo.

Na kugeuza sio urembo, usipogeuza kijusi kinaganda kwenye utando wa ganda, mimi nilishapoteza trei nzima mota ilikufa nikiwa safarini.

Ila walionimaliza ni watu wa New Zealand na kakapo, kasuku asiyeruka, 1995 walikuwa wamebaki 51. Mayai yanaenda inkubeta, mama anabaki na la bandia, halafu ghafla unamletea kifaranga, atashtuka si atashtuka? Wakatengeneza yai linalolia kama kifaranga anayekaribia kuangua, mama anajiandaa mapema.

Na mimi nimejaribu la kwangu kwa kuku wa jirani. Betri ikapasha joto kuliko kuku mwenyewe, vipimo vyote takataka, nikaweka betri ndogo. Asubuhi nikalikuta nje ya kiota. Lilikuwa jepesi.