Jipu la kifandugu: kukauka si kupona

Jipu hili la juu ya makalio ni ugonjwa gani?
Ni shimo dogo kwenye mfereji wa makalio, usawa wa kifandugu, mgongo unapoishia. Nywele zilizokatika hujichoma ndani ya ngozi, zikachimba njia, usaha ukajaa. Huwapata zaidi vijana wa kiume wenye nywele nyingi na wanaoshinda wamekaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia liliwaandama askari wa Marekani waliopanda magari ya Jeep mpaka likaitwa ugonjwa wa Jeep. Siku hizi naliona kwa bodaboda na madereva wa malori.

Si bawasiri?
Si bawasiri. Bawasiri iko kwenye njia ya haja kubwa; hili liko juu yake. Ile chupa ya dawa ya bawasiri uliyouziwa stendi haina kazi hapa.

Lilitumbuka lenyewe likakauka. Nimepona?
Hujapona. Mlango umefunga, nywele zimo ndani.

Nikimeza antibaiotiki?
Hujapona bado. Vidonge havitoi nywele. Kuna kijana alikuja baada ya dozi nne za duka la dawa. Tulipompasua kikatoka kishungi cha nywele kama ncha ya brashi ya rangi. Akaomba akione. Akakitazama, kimya.

Na unga wa vidonge vya rangi mbili nikiumwagia juu?
Tafadhali, acheni. Unga unaganda kama saruji, usaha unabaki chini ukitafuta njia nyingine. Wengine huja na matundu matatu badala ya moja. Wala usilikamue, wala usimpe rafiki wembe.

Hospitali watanifanyia nini?
Likiwa limevimba na kuuma, linapasuliwa kwa ganzi, usaha unatoka, mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Maumivu yatakwisha, nawe utatamani kutoweka. Usitoweke! Likirudi palepale, linahitaji upasuaji kamili.

Vijishimo vidogo huweza kukatwa kimojakimoja kwa ganzi. Ugonjwa ukiwa mkubwa, njia yote huondolewa, halafu kidonda huachwa wazi kijae kutoka chini, kazi ya wiki nyingi, pengine miezi 2 au 3. Au hushonwa. Mshono hupona mapema, lakini ukipita katikati ya mfereji, penye jasho na msuguano, hufumuka sana na ugonjwa hurudi. Ndiyo maana wapasuaji wengi husogeza nyama ili mshono ukae pembeni. Muulize wako atashona wapi.

Nitarudi lini kwenye pikipiki?
Si wiki ijayo. Daktari atakupa ruhusa baada ya kukiona kidonda. Kila baada ya haja kubwa osha kwa maji safi, kausha taratibu. Shashi ya kidonda iwekwe kwa upole, isishindiliwe. Nywele za kando zinyolewe, zisiingie tena. Sigara weka kando, inachelewesha kidonda.

Nina kisukari. Nisubiri liive?
Usisubiri. Kisukari, homa, au wekundu unaosambaa: njoo leo.

Naona aibu kuonyesha.
Tumeona makalio mengi, yako hatutayakumbuka. Njoo na mkeo au kaka yako tumfundishe kusafisha, maana hapo mwenyewe hupaoni.