Kusoma Ughaibuni: Anachopata Mwanafunzi Zaidi ya Cheti

Kila msimu wa udahili unapokaribia, swali tunaloulizwa zaidi sisi tunaowashauri wanafunzi wa vyuo vikuu ni hili: nchi gani inatoa shahada yenye heshima kubwa zaidi? Ni swali la haki, kwa kuwa gharama ni kubwa na nyuma ya kila mwanafunzi kuna wazazi, walezi au wafadhili waliojifunga kibwebwe. Hata hivyo, swali hilo likitangulia mengine yote, humfanya mwanafunzi aione safari nzima kama njia ya kutafuta karatasi. Katika miaka tuliyowasindikiza wanafunzi na kuwapokea waliporejea, tumeona kwamba walionufaika zaidi hawakuwa lazima wale waliokwenda kwenye vyuo vyenye majina makubwa. Walikuwa wale waliokubali kufundishwa na maisha yote ya ugenini, ndani na nje ya darasa, wakakaa mahali pamoja muda wa kutosha hadi wakapazoea na wenyeji wakawazoea.

Kusafiri kutafuta elimu si jambo jipya. Chuo Kikuu cha Bologna nchini Italia, ambacho kwa mapokeo huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, kilikuzwa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wageni waliojiunga katika vyama kulingana na walikotoka na kuwaajiri walimu wao wenyewe. Na katika karne ya 12 Mfalme Frederick wa Kwanza wa Ujerumani alitoa amri ya kuwalinda wasomi waliokuwa safarini. Tofauti ya leo ni wingi. Kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi wa elimu ya juu wanaosoma nje ya nchi zao walikuwa takriban milioni 2 mwaka 2000, na sasa wamepita milioni 6.

Faida ya kwanza huonekana darasani, na mara nyingi huanza kama usumbufu. Mwanafunzi aliyezoea mihadhara ambamo mhadhiri anaeleza na darasa linaandika, hujikuta katika semina ya watu kumi na wawili, kila mmoja akiwa ametakiwa kusoma makala mbili au tatu kabla ya kikao. Mhadhiri haelezi kilichomo ndani ya makala hizo. Anauliza tu, mwandishi huyu amekosea wapi? Wiki za mwanzo mgeni wetu hukaa kimya. Jibu analo, ila amelelewa kuamini kuwa kumpinga aliyekutangulia kielimu ni utovu wa adabu. Siku anapothubutu kusema kwamba hitimisho la mwandishi halitokani na takwimu zake, na mhadhiri akamwambia aendelee, mwanafunzi huyo amepata kitu ambacho hakimo katika mtaala wowote. Mambo huweza pia kuwa kinyume cha hapo: aliyezoea kufuatiliwa kwa kazi ndogo ndogo kila wiki huenda akafika kwenye chuo ambako mtihani mmoja wa mwisho wa muhula ndio unaoamua karibu kila kitu, hakuna anayemkumbusha kusoma, naye analazimika kujipangia ratiba kama mtu mzima. Katika hali zote mbili kinachojengeka ni uwezo wa kutambua kwamba namna aliyofundishwa awali ni moja tu kati ya nyingi, na kuchagua inayofaa kwa kazi iliyo mbele yake.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika uandishi. Insha ya kwanza ya mwanafunzi mgeni mara nyingi hurudi ikiwa na maandishi pembeni yanayouliza: hii ni kauli ya nani? Wengi huumia, kwa sababu walichoandika ni sahihi na walikisoma kwa bidii. Wanachokosa ni desturi ya kutenganisha kwa uangalifu mawazo ya wengine na hoja zao wenyewe, na kutaja kila chanzo, desturi ambayo vyuo hutofautiana katika ukali wa kuisimamia. Ushauri wetu ni kwamba mwanafunzi aulizie kanuni hizo katika wiki ya kwanza, kwa maana kunakili bila kukusudia huadhibiwa karibu sawa na kunakili kwa makusudi, na adhabu ya juu inaweza kuwa kufukuzwa chuo. Anayeizoea desturi hiyo mapema hurudi nyumbani akiwa mwandishi bora wa ripoti, maombi ya ufadhili na tasnifu.

Kuhusu lugha hatutarefusha, kwani faida yake inajulikana. Tunaongeza jambo moja tu. Lugha ya kitaaluma inaweza kujifunzwa popote penye vitabu na mwalimu mzuri, lakini lugha ya kumweleza daktari maumivu yalipo, ya kukataa mwaliko bila kumuudhi mtu, au ya kudai urejeshewe pesa za dhamana ya chumba, hujifunzwa pale inapohitajika. Wanafunzi wanaoishi na kula na wenzao wa kutoka kwao tu hukosa sehemu hii karibu yote, hata wakikaa miaka minne. Hatusemi waachane na wenzao, kwa kuwa wao ndio faraja siku zikiwa ngumu. Tunasema wajiunge mapema na angalau kikundi kimoja, kiwe cha michezo, kwaya, maabara au kujitolea, ambamo wao ndio wageni pekee.

Mfano mzuri wa kile kinachopatikana nje ya mtaala ni Wangari Maathai. Aliondoka Kenya mwaka 1960 kwa ufadhili, akasoma biolojia katika chuo kidogo cha Atchison, Kansas, nchini Marekani, ambako alihitimu mwaka 1964, kisha akaendelea na shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alisomea chembe hai na tishu, taaluma ya maabara. Hata hivyo, ni katika jiji la Pittsburgh alikoshuhudia wananchi wakishinikiza hewa ya jiji lao isafishwe, yaani watu wa kawaida wakidai mazingira bora na mazingira yakabadilika. Baadaye alifanya utafiti Ujerumani, akapata shahada ya uzamivu jijini Nairobi mwaka 1971, akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hatudai kwamba Pittsburgh ndiyo iliyozaa kazi hiyo, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa katika maisha ya wanawake wa vijijini nchini mwake. Ila ni dhahiri kwamba mwanafunzi anayeinua macho kutoka kwenye darubini na kutazama mji unaomzunguka huondoka na zaidi ya alichokwenda kukifuata.

Lazima pia tuseme wazi kwamba kuna kipindi kigumu, na familia zikijua mapema zitasaidia zaidi. Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwe wapatao 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi sita na waliokaa zaidi ya miezi kumi na minane walieleza kuwa walizoea vizuri kuliko wale waliokuwa kati ya vipindi hivyo viwili. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo, na wengine hupata shida kubwa zaidi wiki za mwanzo kabisa. Lakini tunaijua vizuri simu ile ya mwanafunzi ambaye upya wa mambo umemwishia, marafiki hajapata, matokeo ya kwanza yamemvunja moyo, na anataka kurudi nyumbani kesho yake. Mzazi anayepokea simu hiyo asikimbilie kumlaumu wala kumkatia tiketi. Amwulize kama analala, kama anakula na kama amezungumza na mtu yeyote ana kwa ana juma hilo, kisha amsihi aende kwenye ofisi ya ushauri nasaha ya chuo, huduma ambayo vyuo vingi huitoa bila malipo na wanafunzi wageni huichelewa.

Anayevuka kipindi hicho hupata faida ambayo watafiti wameanza kuipima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na timu iliyoongozwa na Hajo Adam ulionyesha kuwa watu walioishi nchi za nje walikuwa na ufahamu ulio wazi zaidi kuhusu wao ni nani na wanathamini nini, kwa sababu ugeni uliwalazimisha kujiuliza ni yapi katika tabia zao ni imani zao wenyewe na ni yapi waliyarithi kwa mazoea. Kilichowapa manufaa hayo ni urefu wa kukaa, wala haikuwa idadi ya nchi walizopitia. Ndiyo maana hatuwashauri wanafunzi kuchagua programu ya kuzunguka nchi tatu kwa muhula mmoja pale wanapoweza kukaa katika mji mmoja.

Kwa wasioweza kumudu shahada nzima ughaibuni, mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa muhula au mwaka ni njia nzuri ambayo bado haijatumiwa vya kutosha. Erasmus ya Ulaya, ulioanza mwaka 1987 kwa wanafunzi takriban 3,200 kutoka nchi 11, ndio unaojulikana zaidi, na katika mpango huo mwanafunzi hatozwi ada na chuo kinachompokea. Uzuri wake mwingine ni mkataba wa masomo, waraka unaosainiwa na vyuo vyote viwili na mwanafunzi kabla ya safari, ukitaja kila kozi atakayosoma na kozi ya nyumbani itakayofidiwa. Barani humo mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa na krediti 60, kila krediti ikiwa na saa 25 hadi 30 za kazi. Hata pale ambapo mpango rasmi wa namna hii haupo, mwanafunzi aombe waraka unaofanana na huo kutoka kwa mkuu wa idara yake, kwa maandishi. Tumewaona waliosafiri kwa ahadi ya mdomo wakirudia mwaka mzima.

Utambuzi wa shahada nao una sheria zake. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO wa mwaka 2019, ulioanza kutumika mwaka 2023, unampa mhitimu haki ya kutathminiwa sifa zake kwa haki na uwazi katika nchi zilizouridhia. Lakini kutambuliwa kwa shahada hakumaanishi leseni ya kazi. Anayekwenda kusomea udaktari, uuguzi, sheria, uhandisi au ualimu aanze kwa kuiuliza bodi ya taaluma ya nchi anayokusudia kufanyia kazi, hata kabla ya kulipa ada ya maombi, kisha ndipo achague chuo.

Ufadhili upo, ingawa ushindani ni mkali: Chevening wa Uingereza kwa shahada ya uzamili, DAAD wa Ujerumani, Fulbright wa Marekani, MEXT wa Japani, pamoja na programu za pamoja za Erasmus Mundus. Masharti yasomwe yote. Chevening, kwa mfano, humtaka mnufaika arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Na asitokee mwanafunzi anayepanga kulipa ada kwa kibarua, kwa kuwa viza za masomo huweka mipaka: Uingereza mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na Marekani mwaka wa kwanza kazi za nje ya chuo kwa kawaida haziruhusiwi.

Kabla ya kuondoka ughaibuni, mhitimu achukue nakala rasmi za matokeo zenye muhuri, maelezo ya kila kozi aliyosoma pamoja na idadi ya saa zake, na barua za walimu wawili au watatu ambao bado wanamkumbuka kwa jina. Bodi na waajiri huyaomba hayo miaka mingi baadaye, na kuyapata kwa mbali, mhadhiri akiwa ameshahama na idara imebadilishwa jina, huchukua miezi.