Jina la Syfy halikuleta mieleka

Juzi tena nimeambiwa. Na safari hii na mtu wa kazi yetu kabisa, anayekaa na ratiba ya vipindi mezani kila siku: eti Sci Fi Channel ya Marekani, chaneli ya kebo ya sayfai (hadithi za kubuni za kisayansi), ilikuwa chaneli safi ya vyombo vya anga na maroboti, afu 2009 wakajiita Syfy, ndo hapo mieleka ikaingia, mizuka ikaingia, papa wakaanza kuruka kwenye kimbunga. Jamani nimechoka. Kila chaneli ya aina moja ya vipindi inapobadili logo nasikia hadithi hii, mfano ni huu huu wa Syfy, na kila mara tarehe zimepinduliwa.

Tuanze na tarehe basi, haraka haraka. Chaneli ilianza Septemba 24, 1992. Jina jipya lilitangazwa Machi 2009 na likaanza kutumika Julai 7 mwaka huo huo. Sasa Ghost Hunters, wale jamaa wa kuwinda mizuka kwenye majengo ya zamani, walianza lini? Oktoba 2004. Kipindi cha mieleka cha ECW? Juni 2006. Farscape, tamthilia ya anga ambayo mashabiki wake mpaka leo inawauma, ilikatwa 2002. Stargate SG-1, nayo ya anga, ilitangaziwa mwisho wake 2006. Hata Battlestar Galactica, tamthilia iliyowaletea mpaka Peabody, tuzo kubwa ya utangazaji Marekani, ilihamishwa kutoka Ijumaa kwenda Jumapili Januari 2007. Yote haya jina bado ni Sci Fi. Anayesema jina ndo lilileta mieleka anasema mtoto kamzaa mama yake.

Sababu za kubadili jina zilikuwa za kibiashara tu na hazikufichwa: jina la aina nzima ya hadithi huwezi kulisajili likawa mali yako peke yako, na wao walitaka kulitumia kwenye mitandao, michezo ya kompyuta na chaneli za nchi nyingine. Pia walitaka watu waliodhani humo ndani kuna anga za mbali tupu nao waingie. Basi. Kwa sababu hizo mi sioni kosa.

Kosa lilikuwa kwenye kauli. Wakati wa tangazo lile, mtu aliyeshiriki kuianzisha chaneli miaka ya mwanzo alinukuliwa kwenye vyombo vya habari akisema jina Sci Fi limehusishwa na vijana wa kiume wasiojua kuishi na watu, waliojifungia chini ya nyumba. Hebu fikiria wewe umeifuata chaneli tangu 1992, umekaa nayo kwenye marudio ya usiku wa manane, umevumilia filamu za Jumamosi za bei poa, afu siku ya kutangaza jina jipya unasikia unaongelewa hivyo. Utakasirika, na una haki ya kukasirika. Mi nasema hasira ilikuwa ya kweli ila ilielekezwa kwenye herufi mbili za y, wakati kilichowaumiza watu kilikuwa kwenye ratiba muda mrefu.

Na kuhusu watazamaji kukimbia: usiku ule ule wa Julai 7 ndo Warehouse 13 ilianza, ikatazamwa na watu kama milioni 3.5, moja ya mianzo mikubwa ya tamthilia kwenye historia ya chaneli. Hawakukimbia.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa, maana hapa hata watu wa kazi hii wanateleza. Swali ni hili: "mashabiki walikuwa wengi, walipiga kelele, mbona chaneli ilizifuta tamthilia zao?" Wengi wapi? Waliohesabiwa na nani?

Chaneli ya kebo Marekani ina mifuko miwili. Wa kwanza ni ada ambayo kampuni ya kebo inailipa chaneli kila mwezi kwa kila nyumba yenye kifurushi, hata kama nyumba hiyo haijawahi kuifungua chaneli yenyewe. Wa pili ni matangazo. Mfuko wa kwanza unataka chaneli isiyokosekana, yani kampuni ya kebo ikitaka kuitoa watu wengi wa aina tofauti wapige simu kulalamika, na mieleka kwa kazi hiyo ni dawa kwa sababu iko hewani mwaka mzima, haina likizo ya msimu, mtazamaji wake anarudi kila wiki akijua saa. Mfuko wa pili unataka macho kwenye matangazo, na kuanzia 2007 kipimo kilichotumika kuuzia matangazo kilihesabu matangazo yaliyotazamwa mubashara au ndani ya siku 3 za kurekodi. Siku 3 tu. Sasa shabiki wa sayfai ni mtu gani? Ni yule yule aliyewahi kununua mashine ya kurekodi kabla ya majirani, anahifadhi vipindi vinne avitazame Jumapili ijayo, anaruka matangazo, au anasubiri DVD. Anaipenda tamthilia kuliko mtu yeyote na kwenye hesabu ya biashara hayupo, au yupo nusu. Na sisi huku ndo hatukuwepo kabisa, maana wengi wetu Battlestar na Stargate tulizipata kwa DVD za mtaani na mafaili ya kupeana kwa flashi, hakuna mtu New York aliyejua tunatazama.

Ongeza na hili, kwamba vipimo vilitoka kwa kaya zilizochaguliwa ziwakilishe wengine wote. Kama nyumba yako haikuchaguliwa, ungeweza kukesha na msimu mzima na namba isisogee.

Ndo maana kelele na namba ni vitu viwili tofauti na hakuna mfano mzuri kama Sharknado, ile filamu ya Syfy ya papa waliobebwa na kimbunga. Julai 11, 2013 mtandao wa Twitter ulijaa hiyo filamu, kila mtu anaandika papa papa papa, ungedhani Marekani nzima imekaa sebuleni. Waliotazama usiku ule walikuwa kama milioni 1.4, idadi ya kawaida tu kwa filamu za chaneli ile. Kelele zililipa baadaye, kwenye marudio, ambapo watazamaji waliongezeka mpaka kupita milioni 2, na hilo ni jambo la ajabu kwenye kazi yetu kwa sababu marudio kawaida hushuka.

Kama unataka siku ambayo shabiki wa zamani aliumizwa kweli, mi nakupa Oktoba 1, 2010. SmackDown, kipindi cha mieleka cha kampuni ya WWE, kilihamia Syfy, Ijumaa usiku. Ijumaa! Kwa miaka ule ulikuwa usiku wa Stargate na Battlestar, watu walishazoea kutoka kazini na kukaa. Stargate Universe na Caprica, tamthilia zilizozifuata hizo mbili, zikasukumwa Jumanne, siku ambayo vituo vikubwa vya televisheni vinarusha vipindi vyao vya nguvu. Caprica ikaondolewa hewani kabla mwezi haujaisha, Stargate Universe ikatangazwa kufutwa Desemba. Kwa namba, mpangaji aliyefanya hivyo alikuwa na hoja: SmackDown ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 na Stargate Universe Jumanne ilibaki na kama milioni 1. Lakini hiyo milioni 1 ni baada ya kuhamishwa, na unapomhamisha mtu siku yake afu unampima kwa siku mpya, unapima uhamisho wako pia. Hili linanikera mpaka leo na nimeona likifanyika kwenye vituo vingi, kipindi kinasogezwa, kinashuka, afu kushuka kwenyewe kunaletwa kwenye kikao kama ushahidi kwamba watu hawakitaki.

Na mieleka ilifikaje huko mwanzoni? Umiliki. Sci Fi na USA Network ni ndugu, na baada ya muungano wa 2004 zote zikawa chini ya NBC Universal. Raw, kipindi kingine cha mieleka cha WWE, kilirudi USA Network Oktoba 2005, miezi michache baadaye ECW ikapata nafasi kwa ndugu yake.

Umiliki huo huo ndo unaeleza kilichotokea baada ya 2017. Mwaka huo wa miaka 25 chaneli ilibadili logo tena, na safari hii ikasema wazi inarudi kwa mashabiki. Jina lile lile Syfy. Watu wakafurahi. Septemba wakaifuta tamthilia ya Dark Matter, na Mei 2018 wakaifuta The Expanse, ambayo kwangu ni kazi bora kuliko zote walizowahi kurusha baada ya Battlestar. Zote mbili zilikuwa za watu wa nje, na kwa The Expanse walichokuwa nacho Syfy ni haki ya kurusha kwa mara ya kwanza kwenye televisheni Marekani, hawakuwa na fungu kwenye mitandao wala nchi za nje, kwa hiyo kila mtu aliyeitazama kwingine hakuwaingizia kitu. The Magicians, iliyotengenezwa na kampuni ya nyumba hiyo hiyo, ilifika misimu 5. Mashabiki wa The Expanse walikodi mpaka ndege ikaburuta bango juu ya ofisi za Amazon, na Amazon wakaichukua mwezi ule ule.

Hapa lazima niseme ukweli, hoja yangu ya umiliki ina tundu. Tamthilia ya Killjoys nayo ilitoka nje, Canada, na walimaliza nayo misimu yote 5. Kwa hiyo umiliki haujibu kila kitu, na sijawahi kupata maelezo ya Killjoys yaliyoniridhisha.

Tundu la pili ni kubwa zaidi. Nasema jina halikuua kitu, lakini miaka ile ile baada ya 2009 ndo Netflix ilikuwa inakua na kebo nzima inapoteza nyumba, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kutenganisha mashabiki waliokwenda kwa kuudhika na wale waliokwenda kwa sababu kila mtu alikuwa anakwenda. Kuna uwezekano tusi la 2009 lilipunguza subira ya watu, wakaacha kuzipa tamthilia mpya nafasi kwa kuhisi zitakatwa tu. Nilishaona mtazamaji wa namna hiyo, hataki kuanza msimu wa kwanza wa kitu chochote. Kipimo cha kuaminiana hatuna, na tunapanga ratiba kama vile kuaminiana hakupo kwa sababu hakuwezi kuwekwa kwenye jedwali.

Comcast, aliyekuwa mwenye mali wakati huo, alitangaza Novemba 2024 kuzitenga chaneli zake za kebo zikae kwenye kampuni ya peke yake, Syfy ikiwemo, na msimu wa 4 wa tamthilia ya Resident Alien mwaka 2025 ulirushwa Syfy na USA Network kwa pamoja. Jina halikuguswa.